Wanataka Kunikata

Ngozi ya titi langu la kushoto ilianza kubanduka kuzunguka chuchu, ikawa nyekundu, ikawasha mpaka nakosa adabu mbele ya wateja. Mimi msusi, mikono yote miwili iko kichwani kwa mtu, sasa nijikune na nini? Nikabadilisha sabuni, nikatupa sidiria. Wapi! Daktari akanipa dawa ya kupaka, nikaimaliza, hali ile ile. Niliporudi akasema hawezi kubahatisha: atanichoma ganzi, atoe kinyama kama punje ya mchele, wakapime kama ni saratani au mzio tu. Nichague siku.

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Nyumbani nikamkuta mume wangu uani, anapiga randa mlango wa mtu. "Wanataka kunikata," nikamwambia, nikapita zangu ndani. Akanifuata mpaka kizingitini, vumbi la mbao limemjaa kwenye kope. "Twende," akasema. Basi, akarudi kwenye randa yake.

Nilikasirika, jamani! Twende wapi? Kwani titi ni lake?

Tangu hapo sikutulia. Nasuka, nafumua. Mteja mmoja nilimpindisha mistari kama nimelewa, alipolalamika nikamjibu vibaya, ikabidi nimwombe radhi. Dada yangu mkubwa naye akaja saluni na lake: "Mdogo wangu, usithubutu! Hicho kitu kikiguswa na chuma kinasambaa mwili mzima." Nikampigia daktari. Akaniambia si kweli, kipimo hakisambazi kitu, hatari ni kukaa bila kujua. Nikakubali. Kabla sijaweka simu mezani nikawa nimekataa tena. Nilikuwa naogopa, wala si siri, na uoga wangu hutokea kama ukali.

Nyumbani nako mume kanifanya yai. Anaanua nguo, anaosha masufuria, ndoo ya maji nisiiguse. Jana jioni nikamkuta jikoni na bisibisi, anashusha rafu zote.

"Unafanya nini wewe?"

"Nazileta chini. Mtu akishakatwa, mkono wa upande huo haupandi juu vizuri."

"Nani kakwambia?"

"Nimeulizia. Kuna mteja wangu, mkewe alikatwa."

"Alikatwa nini?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Titi. Si ulisema wanataka kukukata?"

Nikacheka, kicheko kibaya, mpaka nikakaa chini sakafuni. "Wewe mwanamume! Kinyama tu! Kama punje ya mchele, wakapime!"

Aliweka bisibisi chini. Akageukia ukuta, akajifuta uso kwa mkono wa shati, mabega yakimtikisika.

"Punje ya mchele," akasema. "Na mimi huku nimeshaliaga titi zima."

Siku ile ya "Twende" nilimwona hajali, kumbe pale kizingitini alishamaliza kukubali kitu kikubwa kuliko nilichokuwa nakikataa. Nikamwambia naogopa. Akasema na yeye anaogopa, tena sana.

Asubuhi hii nimempigia daktari, kipimo ni keshokutwa. Mume wangu akauliza kama azirudishe rafu juu.

"Ziache kwanza," nikamwambia.