Shahidi wa Pili

Mimi nina wivu, na nalisema mapema ili tusipotezeane wakati. Watu wa mtaa wetu wa Langoni wakisikia mwanamke ana wivu huuliza kwanza mumewe ameongeza mke wapi. Mume wangu hajaongeza mke popote. Yuko dukani kwake anauza misumari na kunenepa. Wivu wangu ni wa ndege. Na katika hao ndege, wivu wangu ni wa macho ya Israa.

Kila Januari, ndege wa nchi za baridi wanapokuwa wamejaa kwenye matope ya visiwa vyetu, sisi watu saba wa Amu, yaani Lamu, huwahesabu. Hesabu zetu zote zimo katika kitabu kimoja kikubwa cha jalada jeusi, na mwenye kitabu ni Bwana Wazir, karani mstaafu wa bandarini. Nimehesabu naye miaka kumi na miwili. Najua fungu lipi la mchanga hujaa ndege bamvua, yale maji makuu, ikifika na lipi huzama. Najua vitwitwi, hao ndege wadogo wa ufukweni, wanaotikisa mkia na wasiotikisa. Nimeungua na jua hadi mama mkwe wangu akauliza kama shuleni nimeacha kufundisha nimeanza kuvua. Kila mtu alijua kwamba siku Bwana Wazir atakapochoka, kitabu kitakuja kwangu. Nilikuwa nimeshakitafutia nafasi kabatini.

Sasa huyo Israa nilimleta mimi mwenyewe, na hapo ndipo panaponichoma. Tumesoma chuo kimoja cha Kurani tangu tuko watoto wa juzuu amma. Yeye hushona kofia, zile za vito zinazodariziwa kwa mkono na kuchukua miezi, na miaka minne iliyopita alikuwa amechoka kujifungia ndani na sindano. Nikamwambia, "Shoga, twende ukapunge upepo." Nikampa darubini yangu ya zamani iliyokatika ukanda. Siku ileile ya kwanza akaniuliza, "Yule wa nne kutoka kulia mbona mdomo wake umepinda juu?" Nikaangalia. Mdomo ulikuwa umepinda juu. Mimi nilikwisha kumhesabu pamoja na wenzake walionyooka. Bwana Wazir alicheka kwa furaha mpaka akakohoa, nami nikacheka, yaani meno yalionekana.

Tangu siku hiyo mambo yakawa ni hayo. Nikisema arobaini, Israa atasema kwa upole, "Naona kama arobaini na tatu." Tutarudia, na watakuwa arobaini na tatu. Na hajigambi. Angejigamba ningepata pa kumshika. Akishanishinda huuliza kama nimekula.

Mwaka huu Bwana Wazir alitutangazia kwamba anastaafu na hili pia. Alisema atakabidhi kitabu asubuhi ya siku inayofuata hesabu, mbele yetu sote. "Kitabu chataka mtu mwenye mato," akasema, maana yake macho, kwa Kiamu chake cha taratibu, na akamtazama Israa. Labda alikuwa anaitazama birika ya kahawa iliyokuwa karibu naye. Mimi niliona anamtazama Israa.

Lazima nieleze kanuni yetu moja. Zamani, kabla yangu, mtu aliandika kitabuni ndege ambaye hakuwahi kufika, na wakubwa wa Nairobi wakatucheka. Bwana Wazir akaweka sheria, akaichukua kwenye ushahidi wa kuandama kwa mwezi. Ndege mgeni haandikwi mpaka mashahidi wawili waseme, kila mmoja peke yake, "Nimwene kwa mato yangu," yaani nimemwona. Kisha wanahojiwa mbalimbali: mguu wake rangi gani, mdomo umekaaje, alikuwa ameelekea wapi. Anayesema hakuona, basi hakuona, na baadaye hawezi kurudi akasema aliona. Jina lake huwekwa kwa penseli kungoja mashahidi, na mwenye shahidi mmoja hukatwa kwa mstari.

Siku ya hesabu nilipangwa pamoja na Israa, kama kawaida, maana wanawake ni sisi wawili tu. Musab, nahodha wa mashua, alitushusha upande wa kisiwa cha Manda kwenye ukingo wa mikoko, akarudi mashuani kulala. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, bamvua inajaa. Maji yakipanda hivyo ndege hukosa matope ya kulishia, husukumwa wote juu ya fungu moja, wakabanana. Huo ndio wakati wetu. Tunahesabu kwa tasbihi, kila punje ndege kumi, ili macho yasitoke kwenye darubini.

Nilikuwa punje ya themanini na nne nilipomwona.

Alisimama nyuma ya sululu mkubwa, yule ndege wa mdomo mrefu. Mwili kama wa vitwitwi wa miguu ya kijani tunaowajua, lakini miguu yake mifupi na ya manjano, na mdomo mnene, shina lake manjano, ncha nyeusi. Picha yake iko katika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili wa kitabu cha ndege, na kwa miaka nimeufungua ukurasa huo kama mtu anayetazama picha ya jamaa aliyeko Uarabuni. Ndege wa mashariki ya mbali. Katika kitabu cha Bwana Wazir hayumo. Roho yangu iliruka. Nikafungua mdomo.

"Hadia," Israa akanong'ona. "Ngalia nyuma ya sululu. Miguu manjano."

Alinitangulia. Kwa pumzi moja tu, akanitangulia. Nami nikaona asubuhi ya kesho yote: Israa anasimulia, Bwana Wazir anakohoa kwa furaha, jina lake linaandikwa juu kwa wino na langu chini yake, shahidi wa pili, kisha kitabu kinavuka kutoka mapajani mwa Bwana Wazir kwenda mapajani mwake.

"Yupi?" nikasema.

"Yule. Aenda sasa, ameinamisha kichwa."

"Namwona yule wa kawaida. Jua limempiga miguu."

"Si wa kawaida, Hadia. Tazama mdomo."

"Mimi sioni."

Nilikuwa namtazama ndege yuleyule. Sikubandua macho kwake hata mara moja. Alikimbia, akakamata kaa, akamkung'uta mpaka miguu ya kaa ikakatika, akaenda kumsuuza majini kabla ya kummeza. Sijapata kumwangalia ndege kwa makini namna ile maishani mwangu, na wakati wote mdomo wangu unasema sioni, sioni, wapi, sioni. Israa alijaribu kumpiga picha kwa simu kupitia darubini. Ikatoka ukungu na nukta. Kisha kipanga akapita juu, kundi zima likaruka, na yule akaondoka nao.

Israa alifuta vioo vya darubini kwa ncha ya mtandio. Kisha akafuta macho yake. Njia nzima mashuani nilipiga soga na Musab kuhusu bei ya dizeli.

Asubuhi tulikusanyika barazani kwa Bwana Wazir, mtaa wa Mkomani. Alimwita Israa ndani kwanza, akakaa naye muda mrefu. Kisha akaniita mimi.

"Umwene?" akaniuliza.

"Sikumwona, Bwana Wazir."

"Wala kitu cha kutia shaka?"

"Wala."

Aliinamisha kichwa. Naapa alisikitika, na sikitiko lake likanikasirisha, nikaona nimefanya vyema kusema vile. Tulipotoka nje alitangaza kwamba shahidi ni mmoja, akamwuliza Israa kama ana neno. Nilijiandaa. Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote makali.

Israa akasema, "Ikiwa Hadia hakumwona, hapakuwa na ndege. Hadia hawezi kusema uwongo." Akaomba kalamu, akaukata mstari wa ndege huyo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasema kitabu apewe Hadia, aliyemfundisha, na wengine wakaitikia. Nikakabidhiwa. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Na nilifurahi, nisiseme uwongo tena; nilifurahi njia yote ya Mkomani mpaka Langoni, na nilipofika nyumbani nikakiweka kabatini na kukitoa mara tatu.

Baada ya Adhuhuri nilitia visheti katika sahani nikaenda kwa Israa. Nilitaka kuwa mwema kwake sasa kwa kuwa nimeshinda. Mlango ulifunguliwa na mamake, Bi Asmaa, anayepapasa ukuta. Mwaka wa nane huu hana macho, presha ya macho iliyamaliza.

"Ni Hadia? Ndoo mwanangu," akasema, akiniita kwa mkono. "Ingia umsemeze. Israa yuwalia tangu arudipo."

Israa alikuwa chini juu ya mkeka, kofia mbili ambazo hazijamalizika zimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa anawarudishia wenyewe. Kesho alfajiri atavuka kwenda Mokowe, bara, apande basi la Mombasa, kwenda kupimwa.

"Kupimwa nini?"

"Mato," akasema. "Yana niliona kitu kisichokuwapo, Hadia. Nilikiona kama nikuonavyo weye. Mama alianza hivyo hivyo."

"Mimi nilianza kwa kuona paka," Bi Asmaa akasema kutoka mlangoni. "Paka mweupe, juu ya birika la kuogea. Nikimfukuza, wanangu wakicheka."

Nitasema nililofikiria, kwa sababu nimeahidi kutopoteza wakati. Nilifikiria: aende. Daktari atampima, atamwambia ni mzima, atarudi kwa furaha, na hakuna atakayejua. Siku tatu tu. Nikaanza hata kupanga nitakavyomsindikiza jetini. Nikasema, "Ni vizuri kupimwa." Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Israa akanisogezea darubini, ile ya ukanda uliokatika. "Mpe mtu mwenye mato," akasema. Kisha akataka kunywa chai. Kikombe kilikuwa mbele yake, mwanga wa dirisha umekiangukia, na yeye akanyoosha mkono polepole, akakitafuta kwa vidole kama afanyavyo mamake, akagusa kwanza sahani, kisha mpini. Alikuwa anaona vizuri. Alikuwa anajifunza kutoona.

"Nilimwona," nikasema.

Hakuelewa.

"Yule ndege. Nilimwona kabla hujasema. Ulinitangulia kwa mdomo tu."

Alikiweka kikombe. Hakunitukana. Akanihoji, kama tulivyofunzwa. "Shina la mdomo?"

"Manjano."

"Alikamata nini?"

"Kaa. Akamkung'uta miguu, akaenda kumsuuza."

"Upande gani?"

"Upande wa mikoko, kushoto kwa sululu."

Alifumba macho, akayafumbua. "Mama," akaita, sauti imempasuka. "Mama, mato yangu mazima!" Bi Asmaa alikuja akipapasa, akamkumbatia, wakalia na kucheka pamoja, wakamshukuru Mungu kwa sauti. Nilikaa na sahani yangu ya visheti. Na hata pale, jamani, niliona wivu. Walivyoshikana wale wawili, hapakuwa na mahali pangu.

Kisha Israa akavaa buibui. "Katwae kitabu," akaniambia. "Twende kwa Bwana Wazir."

Nilisimulia mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, nimesimama. Bwana Wazir alinisikiliza, akapokea kitabu kutoka mikononi mwangu bila kunitazama, akampa Israa. Hilo nililitarajia. Nikasema, "Basi nihoji sasa, Bwana Wazir, aandikwe ndege wake. Nimwene kwa mato yangu."

"Nikikuhoji sasa utasema kweli," akajibu. "Nayo haitanifaa. Shahidi aliyekana asubuhi hapokewi."

"Kwa hiyo haandikwi?" Israa akauliza.

"Haandikwi, mwanangu. Ana shahidi mmoja."

Israa alifungua ukurasa, akautazama mstari alioukata kwa mkono wake. Nilidhani atalia tena. Badala yake alichukua penseli na kuanza kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, kidole chake kikishuka kwenye safu ya mashahidi. Kikasimama penye jina langu.

"Huyu wa mwaka juzi," akasema. "Ulimwona?"

"Nilimwona, Israa."

Aliinua macho kunitazama, kana kwamba anataka sana kuniamini. Kisha akatia nukta ya penseli, alama ya shaka, kando ya jina langu, akashuka mpaka jina langu lililofuata.

"Na huyu?"

"Wallahi nilimwona."

Akatia nukta.