Mkono wa Gia wa Chuma

Tangu kompyuta ile iingie sebuleni, dada mtu alikuwa akirudi nyumbani kama mpangaji. Anabisha, anasalimia, anapita. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mama," Baba anaitikia, lakini macho hayabanduki kwenye kioo cha kompyuta, maana kuna kona mbele na kona haimsubiri mtu. Pembeni amekaa Bwana Mdogo, kitinda mimba wa nyumba ile, fundi wa simu mwenye vidole laini, akimwelekeza mzee: "Punguza, Mzee. Sasa kanyaga. Kanyaga." Halafu wanacheka wote wawili, na dada mtu anakwenda zake uani na beseni la kunawia grisi, roho inamuuma mpaka anasikia kiungulia.

Baba alikuwa dereva wa basi hadi mgongo ulipogoma. Alipokabidhi funguo alinyamaza miezi mingi, akawa mtu wa kukaa na kutazama ukuta. Bwana Mdogo ndiye aliyemfufua. Alileta kompyuta ya mitumba, usukani wa gemu na pedali zake, akavifunga kwenye meza ya kupigia pasi, mzee akarudi barabarani. Kila aliyeingia alimsifu kijana kwa kumjali baba yake. Dada mtu, aliyemfulia mzee na kumkanda mgongo miezi yote ile ya ukimya, aliambiwa chai yake ni nzuri.

Ila ukweli usemwe: wivu huu haukuanza na kompyuta. Zamani, kila Jumapili, Baba alimchukua Bwana Mdogo kwenye uwanja mtupu nyuma ya shule akamfundisha kuendesha. Mtoto alikuwa anakalia mto ili aone mbele. Yeye mkubwa, aliyekuwa akishinda chini ya magari tangu utotoni, hakuitwa. Naye hakuomba. Ana kichwa kigumu huyu. Asipokaribishwa chakula husema ameshiba. Akaenda kujifunza giaboksi, na leo gereji nzima inamwita hivyo, Giaboksi, na magari yanavutwa kutoka mbali ili yeye ayapasue tumbo. Lakini kuna jambo analolificha kama jipu la kwapani: hajui kuendesha. Gari likishapona hupangusa mikono na kumwambia yeyote aliye karibu, "Kalizungushe hilo, mimi nimechoka." Hakuna aliyewahi kushtuka. Na wala hakuwa akitaka leseni. Alikuwa akitaka Baba amwite.

Kilichomvuruga kabisa ni gia.

Usukani ule wa gemu haukuwa na mkono wa gia, ulikuwa na vitufe tu, na Baba hakuvipenda. "Gari gani unabadilisha gia kwa kubonyeza? Hii cherehani ya umeme," alilalamika. Basi Bwana Mdogo akaanza kumtengenezea gia ya nyumbani. Akatafuta vipande vya plaiwudi, bawaba ya mlango wa kabati, springi, na swichi ndogo alizozing'oa kwenye vipanya vibovu vya kompyuta. Na Baba, mzee aliyekuwa hataki hata kuinua kikombe, sasa anapiga msasa mbao kwa mikono yake mwenyewe, anapuliza vumbi, anauliza springi iwe ngumu kiasi gani.

Gia, jamani. Kitu pekee ambacho dada mtu alikijua kuliko mtu yeyote mtaani kinatengenezwa hatua chache kutoka kitandani kwake, na hakuna aliyemuuliza neno.

"Hiyo ni gia au mwiko?" alisema akipita.

"Njoo utusaidie basi, Dada," Bwana Mdogo akajibu, kwa roho safi kabisa. Roho safi hiyo ndiyo iliyomchefua. Anakaribishwa kwao, kama mgeni.

"Nina kazi," akasema.

Kesho yake kazi hiyo akaianza. Alichukua kifuniko cha giaboksi iliyokufa, kile cha juu kinachobeba mkono wa gia, akakiosha kwa mafuta ya taa mpaka kikatakata. Akakata bamba la chuma kwa grenda, akachonga njia za gia na kuzilainisha kwa tupa ili mkono ukipita usikwaruze. Springi aliitoa kwenye lori, maana alitaka Baba akishika ajue ameshika kitu. Mwisho wa kila njia akafunga swichi, na juu ya bamba akagonga namba kwa nyundo, kuanzia gia ya kwanza hadi ya tano, na R ya kurudi nyuma. Wenzake gereji walipomuuliza ni ya gari gani, alisema ni ya mteja msumbufu. Sitakudanganya kwamba alikuwa akifikiria furaha ya mzee peke yake. Kila nyundo ilipotua, aliuona uso wa Bwana Mdogo ukimshuka, na mkono ukapata nguvu ya kugonga tena.

Jumamosi mchana akaileta nyumbani imefungwa kwenye kitambaa, akaitua juu ya meza ya pasi. Meza ikayumba. Baba akafunua, akaushika ule mkono, akautikisa taratibu kushoto na kulia.

"Nani katengeneza?"

"Mimi."

"Ee," Baba akasema. "Hii ndiyo gia."

Dada mtu alimgeukia mdogo wake avune alichopanda. Hakukuta kitu. Bwana Mdogo alikuwa ameshaweka plaiwudi yake chini ya kiti na kuchuchumaa, anaunganisha nyaya. "Yangu takataka kabisa mbele ya hii," alisema. "Waya wa gia ya kwanza ni upi, Dada?" Akamwonyesha. Inaudhi kumshinda mtu asiyejua kwamba mlikuwa mnashindana.

Baba akakaa, akajiweka sawa. Taa za kuanzia mbio kwenye kioo zikawa kijani. Akakanyaga klachi, akasukuma mkono mbele upande wa kushoto kama alivyousukuma maisha yake yote, akakanyaga mafuta. Gari likarudi nyuma kwa kasi, likayapitia magari ya washindani na kujibamiza ukutani.

Bwana Mdogo akacheka. "Umeweka rivasi, Mzee."

"Nimeweka ya kwanza," Baba akasema, akarudia. Gari likarudi nyuma tena. Ndipo akavaa miwani na kulitazama bamba. Mbele kushoto, mahali pa gia ya kwanza, palikuwa na R. Gia ya kwanza ilikuwa nyuma kulia. Zote zilikuwa zimegeuka.

Dada mtu aliona pamoja naye, akajua alipokosea. Kule gereji, giaboksi ikiwa wazi benchini, yeye huitazama ile ncha ya chini ya mkono wa gia, inayoingia ndani na kusukuma meno. Ncha hiyo huenda kinyume cha kiganja: dereva akisukuma mbele kushoto, yenyewe inakwenda nyuma kulia. Aligonga namba kwa kuifuata ncha.

"Si shida," Bwana Mdogo akasema, vidole viko kwenye kompyuta tayari. "Nabadilisha huku, namba za bamba tutazigonga upya baadaye. Tayari, imekaa sawa."

Baba hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amegeukia upande wa pili. "Mama, namba umezigonga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ukajaribu kwa mkono?"

"Nilijaribu."

"Na mkono wako haukukukatalia. Wa dereva ungekataa." Akavua miwani. "Wewe hujui kuendesha."

Angeweza kudanganya, gerejini anadanganya kila siku. "Sijui," akasema.

"Miaka yote hii?"

"Ulimfundisha huyu. Mimi hukuniita." Sauti ilimtoka nyembamba, akaichukia. "Jumapili zote zile nilikuwa nimeshavaa viatu."

Baba akaipangusa miwani kwa ncha ya shati. "Nilidhani unapenda kule chini ya magari," akasema.

"Nilipenda. Nilitaka na juu."

Mzee akajishikiza kwenye meza, akasimama, akakionyesha kiti chake. "Kaa."

"Baba, hili gemu tu."

"Tutaanzia hapohapo. Kaa."

Akakaa. Bwana Mdogo, mwenye furaha kama kawaida yake, akasogeza kigoda karibu. "Dada, klachi ni ile ya kushoto, usiiachie ghafla, sawa? Ukii—"

"Wewe tupishe kwanza," Baba akasema bila kumtazama. "Nenda nje kidogo."

Kijana alidhani anataniwa. Alipoona mzee anavuta kigoda kile na kukikalia yeye, aliinama akaiokota plaiwudi yake, akabaki amesimama nayo, tabasamu halijui liende wapi. Dada mtu alimwona kwa pembe ya jicho. Alijua vizuri kwamba hakukosa lolote, kwamba bila yeye mzee angekuwa bado anatazama ukuta. Lilihitajika neno moja tu: njoo, kaa hapa na sisi. Lilimfika mpaka kwenye ulimi.

Akalimeza. Likashuka tamu.

"Kanyaga klachi," Baba akasema, na yeye akakanyaga.