Dhoruba ya Jua na Mayai ya Jirani

Bibi huyu alikuwa na ugonjwa usio na dawa: ukimwambia neno moja, la pili anajitungia mwenyewe.

Asubuhi ile alipigiwa simu na binti yake, anayefanya kazi kwenye chumba cha kuongozea umeme wa nchi nzima.

"Mama, jua limetema dhoruba, mchana itatufikia. Nyaya ndefu za gridi zinaokota umeme usioalikwa, unaingia kwenye transfoma kubwa na kuzichemsha. Zikiungua tutakaa gizani miezi. Huenda tukakata kwa muda, kwa hiyo weka maji ya moto kwa ajili ya mayai."

"Na vyombo vya nyumbani?"

"Hivyo havina neno. Hatari iko kwenye zile laini..."

Bibi alishakata simu. Alikuwa ameyafikiria yale mayai, na roho ilikuwa juu. Hayakuwa yake. Jirani yake, fundi cherehani, kuku wake wote walikufa kwa ugonjwa wa kideri, akabakiwa na mayai yale tu. Bibi, kwa kuwa ana mashine ya kutotolea vifaranga, alijipiga kifua: "Niachie mimi, shoga." Sasa yalikaribia kuanguliwa.

Tangu utoto alijua radi ikinguruma, vyombo huchomolewa. Kama radi ya kiwingu huunguza redio, ya jua zima je? Akachomoa friji, akachomoa feni ya mzee wake, akachomoa na mashine yenyewe. Na kwa kuwa hapendi kazi nusunusu, akazima swichi kubwa, akafunga mapazia jua lisichungulie. Mayai akayaviringisha kwenye blanketi pamoja na chupa za maji ya moto. Chupa zilipopoa na gesi ikamwishia, akapanda kitandani akayakumbatia, huku akijisemea peke yake.

Mzee alikaa pembeni akijipepea na gazeti.

"Mama watoto, mbona redio ya jirani inaimba?"

"Ya betri hiyo."

"Na cherehani yake inanguruma."

"Anakanyaga kwa miguu."

"Miguu gani hiyo, ya farasi?"

"Mzee wangu, nchi iko gizani, wewe unaleta utani."

Jioni binti aliingia hoi, akabonyeza swichi ya taa. Haikuwaka. Akafungua pazia: mtaa mzima unawaka taa.

"Mama, tumepunguza mzigo kwenye laini mchana kutwa, hatukukata popote. Nchi nzima, iliyo gizani ni nyumba hii tu."

Bibi alimtazama, akatazama blanketi. "Kumbe dhoruba ni mimi," alisema.

Fundi cherehani naye akabisha hodi, kaja kuwajulia hali wanawe walio mayaini. Bibi aliona uongo mzuri ukipita mbele yake, akauacha uende zake.

"Shoga, umeme nimezima mwenyewe. Tangu mchana mimi ndiye kuku."

Fundi hakucheka. Alichukua yai moja, akaliweka sikioni, akasikiliza hadi Bibi akasahau kuvuta pumzi.

"Linagonga," alisema mwishowe, akaketi palepale kitandani.

Walirudisha mayai kwenye mashine, yakaanguliwa, machache yakaharibika. Lakini fundi alipokuja na kapu lake, vifaranga walimkimbia. Bibi akakohoa tu, wote wakamjia miguuni.

"Wamezoea sauti yako," fundi alisema. "Uliwaambia nini humo kitandani?"

"Nilikuwa nalitukana jua."

Ikabidi awasindikize mwenyewe hadi bandani kwa jirani, akiongea njia nzima, mzee akicheka dirishani, feni ikivuma nyuma yake.