Udongo wa Mama Capitoline

Asubuhi Mama Capitoline wa mtaa wa Songo alipotaka kupuliza mbabula, jiko lake la makaa, udongo wa uani ulijiinua polepole mpaka ukayafikia makalio yake, naye akaketi, akapuliza makaa, akateleka chai. Aliposimama, udongo ulishuka. Jirani yake Georgette, aliyekuja kuomba moto, alingoja ushuke ndipo apite, asije akajikwaa.

Goti la kulia la Mama Capitoline liliacha kukunjika vita vilipoingia mjini. Muganga wa dispansere alilipapasa, likalia kama mchanga ndani ya kiatu, akasema mifupa imelika na sasa inasuguana, asichutame tena. Ni rahisi kusema. Ndagala, dagaa wa ziwani, huanikwa chini, choo kiko chini, hata mboga huchambuliwa chini. Mama Capitoline alihangaika na mguu ulionyooka kama mwiko, hadi udongo ukachoka kumtazama.

Tatizo lililobaki ni bariyeri, kizuizi cha njia ya Luberizi. Hapo askari walishusha watu wote kwenye lori, wakawachutamisha mstari mzima, wakachagua vya kuchukua vikapuni. Aliyechutama alipita. Mwaka uliotangulia, udongo ukiwa bado haujaanza kazi yake, walimrudisha Mama Capitoline wakisema ana kiburi, na mjukuu wake wa kwanza akaogeshwa na mikono ya watu. Sasa binti yake Bénédicte, aliyeolewa Luberizi, alikuwa amejifungua tena, akatuma neno: mtoto anamngoja bibi amwogeshe.

Kupanda lori kulikuwa kazi. Vijana walimvuta kwa juu, Georgette, aliyekuwa akisafiri naye, akasukuma kwa nyuma.

“Mama Capi, kama ungekuwa mufuko ya muchele, tungekuwa tumesha kukuuzisha,” Georgette akasema.

Kwenye bariyeri watu walichutama. Udongo ulijiinua, Mama Capitoline akaketi, kikapu mapajani. Kwa kuwa kamanda alikuwa mfupi, kichwa cha mama kilipita kofia yake.

“Mama, chutama.”

“Minye nimechutama, mwanangu. Ni udongo ndiyo imesimama.”

Kamanda alikizunguka kilima, akakibonyeza kwa buti. Akamwambia mama ainuke, udongo ukashuka. Akamwambia achutame, ukapanda. Mstarini watu walichekea ndani ya vitenge, na mzee Anastase, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi, akauliza kama anaweza kupewa zamu yake pale juu.

“Inauma?” kamanda akauliza, akilitazama goti la mama.

“Asubuhi. Na mvua ikitaka kunyesha.”

“Ya mama yangu iko vile vile.” Alitazama barabara kidogo. “Basi, pita. Lakini hii kilima ibakie.”

Mama Capitoline aliinuka, akaupigapiga udongo kwa kiganja, nao ukabaki. Kamanda akachota nusu ya ndagala za kikapu cha mama, kama ilivyokuwa desturi, na aliposikia kuna mjukuu wa kuogeshwa, akatuma salamu kwa watu wa Luberizi.

Nyumbani kwa Bénédicte, udongo ulimpokea mama juu, kisha ukamteremsha taratibu hadi mkekani, miguu yote mbele. Mtoto akalazwa juu ya mguu ule mgumu. Goti halikutikisika hata kidogo. Maji ya vuguvugu yalipita kichwani, yakapita mgongoni, mtoto akapiga mwayo akalala.

“Mama, hii mguu yako iko kitanda,” Bénédicte akasema.

“Njo maana haikunjake. Ilikuwa inamungojea.”

Siku ya kurudi, kikapu kilijaa mchele wa Luberizi. Kwenye bariyeri walimkuta kamanda ameketi juu ya kilima, mguu juu ya mguu. Kutoka pale aliona vikapu vyote bila kuinama. Watu walichutama chini yake. Karibu naye udongo ukajiinua tena, na Mama Capitoline akaketi, wakawa sawasawa kama majirani kwenye vigoda.

“Mutoto alioga?”

“Alioga, akalala mu maji.”

Kamanda alifurahi kweli. Akanyoosha mkono, akajichotea mchele. Wakaendelea kuzungumza habari za magoti, na za mvua, mpaka kule chini Georgette akakohoa, kuwakumbusha kwamba magoti ya wengine nayo yanazeeka.