Mbeleko ya Wifi

Mshonaji alikuwa na mtoto ambaye shingo yake haikukaza, hata wenzake walipoanza kukimbia. Kwenye mbeleko ya kawaida kichwa kilining'inia tu. Basi mama akakata, akashona, akafumua, akashona tena, mpaka akapata mbeleko yenye mto mgumu wa kuegemeza shingo na mikanda inayopishana kifuani mwa mbebaji. Siku mtoto alipotazama mbele kama watu wengine, mumewe alilia, naye si mtu wa kulia.

Kina mama wa kliniki wakaanza kuagiza. Ndipo wifi yake, dada wa mumewe, mwenye ofisi mjini na mdomo wa asali, alipokuja na habari kwamba serikali imetoa sera mpya ya kulinda wabunifu. Alisema ubunifu usio na hati ni kuku asiye na banda, kila jirani ana kisu chake. Akaomba mbeleko moja akamsajilie. Mshonaji akampa iliyo nzuri kuliko zote, akamsindikiza hadi barabarani akimshukuru.

Kila alipouliza baadaye, aliambiwa mambo ya ofisi hayataki pupa. Kisha mama mmoja wa kliniki akamwonyesha picha kwenye simu: maonyesho ya wabunifu, wifi yuko jukwaani, mbeleko mkononi, akieleza alivyohangaika kumtafutia nafuu mtoto wa kaka yake.

Mshonaji akaenda ofisi ya usajili. Afisa, mama wa makamo asiye na papara, akamthibitishia kwamba maombi yapo na jina ni la wifi. Ila hati haijatoka, na sheria inaruhusu kupinga, mradi alete mtu aliyemwona akiibuni.

"Nani alikuona?"

"Mume wangu. Ndiye aliyekuwa akimshika mtoto nikimpima."

Akarudi nyumbani moyo umetua. Mumewe alikuwa akimlisha mtoto. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta mdomo wa mtoto, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Nilijua," akasema. "Dada aliniambia kabla hajaenda kusajili. Alisema faida itabaki kwenye ukoo."

"Na mimi ni nani kwenye huo ukoo?"

"Mama watoto, usinitie katikati. Yule tumetoka tumbo moja."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe mshonaji alikuwa akiishona kwa mikono yake.

Alipinga hivyohivyo. Kina mama wa kliniki walikwenda kumtetea, wengine na watoto mgongoni, lakini pingamizi likaanguka. Wao waliiona mbeleko ikiuzwa. Hakuna aliyeiona ikizaliwa. Afisa alimpa habari hiyo akiwa ameinamisha macho.

Hakuondoka kwa mumewe. Mume akimwita, huitika, akiuliza, hujibiwa. Ila sasa ameanza kubuni kiti cha kumwogeshea mtoto, na kila mume anapokuja kusimama mlangoni kutazama, yeye hufunika kazi kwa kitambaa, akasubiri aondoke.