Moshi wa Mbau

Jumamosi asubuhi wanawake wa Serkle, chama chao cha kusaidiana, walikuwa wakichagua maharage katika chumba kilicho nyuma ya maktaba ya chuo kikuu, kule juu mlimani Butembo. Séphora, mdogo kuliko wote, msaidizi katika kitivo cha sheria, alifungua dirisha, akavuta kiti cha Katungu hadi karibu nalo kama alivyofanya kila Jumamosi, kisha akarudi kwenye sinia lake. Katungu akakaa. Moshi ulimtoka kwenye kola ya blauzi na kwenye mikono yake, ukapenya chini ya kitambaa cha kichwa, ukapinda taratibu kuelekea nje. Mmoja akakohoa. Mwingine akaomba wasogeze ndoo ya maji.

"Leo ni nini njo inaungua?" aliuliza Mama Marie-Jeanne, prezidenti wa Serkle, bila kuinua macho.

Katungu akanusa mkono wake. "Ingali stoo. Magunia ya kahawa."

"Mungu asifiwe," akasema Mama Marie-Jeanne. "Basi kungali mbali."

Moshi ule ulikuwa wa nyumba yake ya Mbau. Katungu alikuwa akifundisha kilimo kule, kwenye shule ya sekondari, na siku wauaji walipoingia mtaani kwake yeye alikuwa ameenda Beni kununua dawa ya mama yake. Aliporudi alikuta paa la jikoni limeshika moto na kizuizi kimefungwa barabarani. Mama yake, mzee Kasika, alikuwa chumba cha ndani, kitandani, kwa sababu miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa miaka mingi. Wenye bunduki waliowekwa kulinda barabara ile waliuona moshi kama Katungu alivyouona. Mmoja wao alikuwa akitafuna mahindi ya kuchoma. Walimwambia amri haijatoka. Akalia, akapiga magoti kwenye matope, akawatukana mpaka sauti ikakauka. Yule akamaliza hindi lake, akatupa kigunzi kando ya barabara.

Nyumba ya mbao kwa kawaida huisha kuungua kabla chungu cha maharage hakijaiva. Hii ilikuwa ikiungua mwaka wa pili sasa. Ilikuwa ikingoja mtu wa serikali aje aione, na hakuna aliyekuja, basi moto ulikwenda polepole, ukala kitu kimoja kimoja. Katungu aliyajua yote kwa harufu. Ulianza na paa la jikoni. Ukala banda la kuku, ukakaa hapo muda mrefu. Sasa ulikuwa stoo. Baada ya stoo ulikuwepo mlango wa chumba cha mama, na baada ya mlango kitanda.

Kwa hiyo wakati ulikuwa haujaisha. Hilo ndilo lililomwamsha Katungu kila asubuhi na kumvalisha nguo. Mama alikuwa hai mle ndani, amelala anangoja, na ingetosha mtu mmoja atoe amri ili kizuizi kifunguliwe na maji yapite.

Alikuwa amejaribu. Asumani, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni anayesafirisha chumvi na sabuni, alimpakiza kwenye lori lake na madumu ya maji, bila kudai kitu, na kizuizi kikawarudisha wote wawili. Alikwenda kwa padri. Padri alimnyunyizia maji ya baraka, akangoja, akanusa, akafuta miwani yake.

"Mwana wangu," alisema, "hii hapana pepo. Hii ni mambo ya Leta."

Padri alisema kweli. Lakini Leta, serikali hiyo, utainyunyizia nini?

Serkle ilimpokea alipokimbilia Butembo, kwa sababu Serkle haikuwahi kumkataa mwanamke. Ilianzishwa zamani, chuo kilipokuwa vyumba vichache vya matofali na ukungu mwingi. Walikuwemo wake za maprofesa, wafanyakazi wa ofisi, walimu, wafagiaji, hata wanafunzi walioolewa. Walizika, waliuguza, walibeba uji kwa waliojifungua, na walilisha wasichana waliokimbia vita waliokuja kusoma na nguo moja mwilini. Na walipika. Ayi, walipika! Hakuna sherehe iliyofanyika mlimani pale bila mikono yao.

Walikuwa na sheria moja waliyoishika kuliko zote. Siku chuo kilipofunguliwa, mama wa kwanza wa Serkle walipika tangu alfajiri, wanaume wakala ndani ya sale, ule ukumbi mkubwa, na hotuba zao, wao wakala wamesimama nyuma ya jikoni, ukoko wa sufuria. Walirudi nyumbani na hasira, na hasira ile wakaigeuza sheria: kwenye karamu ya Serkle, mwanachama hali nje. Wanachama wote wanakaa ndani, mezani, na mgeni anatafutiwa nafasi baadaye. Maaskofu walikwisha kungojeshwa mlangoni kwa sababu ya sheria hiyo, na wakangoja.

Mwaka huu ilikuwa yubile ya chuo. Mheshimiwa mmoja mkubwa alikuwa anakuja kutoka mbali, mtu ambaye akisema neno kizuizi kinafunguka. Katungu aliomba Serkle kitu kimoja tu: akae mezani kama wenzake, na mwisho wa chakula asimame aseme sentensi moja. Alikuwa nayo tayari. Aliifanyia mazoezi akifua, akipanda mlima, akisugua masufuria. "Nyumba yangu iko naungua na mama yangu ndani, toa amri bapeleke maji." Basi. Wanawake wote walipiga makofi wakakubali.

Wiki ya yubile, Bwana Apollinaire wa biro ya protokole, ofisi ya itifaki ya chuo, alikuja chumbani na viatu vinavyong'aa, akasalimia kila mtu, akaomba kiti, akakataa maandazi kisha akayala.

"Bamama, hakuna mutu anamukatala Mama Katungu," alianza. "Sisi bote tunamupenda. Mais moshi... Ekselansi iko na kifua mbaya. Na picha, munaelewa. Picha zitatoka vibaya."

"Memba ya Serkle hapana kula inje," akasema Mama Marie-Jeanne.

"Njo sheria, naheshimu. Mais Ekselansi anakuya na mabati ya bweni ya batoto banamuke. Akikohoa akaenda, mabati nayo inaenda." Akainuka, akapangusa makombo ya maandazi kwenye suruali. "Muone vile mutafanya. Ninyi bamama muko na hekima."

Bweni lile lilikuwa likivuja. Wasichana walilala wakihamisha magodoro kufuata pakavu, na mmoja wao alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu. Mama Marie-Jeanne aliyajua hayo kwa sababu yeye ndiye aliyempelekea supu. Alifikiri siku mbili. Kisha akapata njia, na njia yenyewe angeweza kuipata mwanamke wa Serkle tu, aliyelelewa kuiogopa ile sheria mpaka asithubutu kuivunja.

"Tutafunga turubai," aliwaambia Jumamosi. "Toka mulango ya nyuma ya sale mpaka kule jikoni. Katungu atakuwa mukubwa wa moto, atakaa kwenye kiti yake, na sahani yake. Donc anakula ndani."

"Mama Prezidente," akasema Katungu, "pale ni inje."

"Iko na dari."

"Ni inje, mama."

Wote wakamgeukia Séphora, kwa kuwa ndiye aliyesoma sheria. Séphora alitazama maharage yake. Alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na Bwana Apollinaire alikuwa na mkono mrefu. "Kisheria," alisema, "penye dari tunaweza kusema ni ndani."

Hasira ya Katungu ilikuwa moto kuliko ule wa Mbau. Alitaka kulipindua sinia. Alitaka kuwauliza kama mama zao ndio wangekuwa wamelala kule wangetafuta turubai. Akachagua maharage. Siku hiyo moshi wake ulikuwa na harufu ya mwisho ya kahawa.

Siku ya yubile ilinyesha tangu asubuhi. Kuni zilikuwa mbichi, makaa yalilowa, majiko ya babula yalitoa cheche mbili yakazimika. Nyama ya mbuzi ilikuwa inangoja na samaki walikuwa wanangoja, na wageni walikwisha kuanza hotuba. Katungu alikaa chini ya turubai katika kikwembe, kitenge cha yubile, kile chenye picha ya kitabu na jembe, na moshi ulimtoka mwingi kuliko siku zote, mzito, wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Wanawake waliutazama moshi, wakaitazama nyama.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Walisogeza tu vichanja karibu naye, kimoja kimoja, kwa sababu moshi ulikuwepo na kuni hazikuwaka. Wakatundika mbuzi juu ya bega lake la kulia na samaki juu ya la kushoto. Mmoja alimwuliza kama hasumbuki. Katungu alinusa mkono wake akafumba macho. Ilikuwa mbao nyekundu ya porini, ile ambayo baba yake aliibeba mgongoni kutoka msituni, akaipaka mafuta ya mawese ili mchwa wasiile, na yeye Katungu, akiwa mtoto, aliichora herufi zake za kwanza kwa msumari akachapwa.

"Imefika kwa mulango," alisema.

"Bora ikaushe vizuri," akajibu aliyekuwa akigeuza nyama, kisha akasikia alichokisema, akageuka upande.

Ndani ya sale walikula. Walikula kweli kweli. Mheshimiwa alivua koti. Alirudia mara ya pili, akalamba vidole, akachokonoa meno, na hakukohoa hata kidogo. Mezani, mahali pa Katungu palikuwa na sahani na kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu sheria ni sheria.

"Hii nyama," akasema Mheshimiwa kwenye mikrofoni, "toka nizaliwe siyala nyama kama hii. Mulikausha na muti gani? Muite ule mama."

Bwana Apollinaire alitazama dari. Mama Marie-Jeanne alikwenda mwenyewe hadi chini ya turubai, akamshika Katungu mkono, akamwingiza. Moshi uliingia naye, ukatanda juu ya meza, na wageni wakauvuta puani kwa raha kwa sababu waliitambua harufu ya chakula chao. Mpiga picha akapiga picha.

Katungu alishika mikrofoni. Sentensi yake ilikuwepo, nzima, haikumpotea.

"Ni mulango ya chumba ya mama yangu," alisema. "Nyumba yangu ya Mbau iko naungua na mama yangu ndani. Mulango njo imemuleteeni hii nyama. Toa amri bapeleke maji. Leo. Nyuma ya mulango ni kitanda."

Hakuna aliyeshtuka. Mheshimiwa aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa pole ya msiba wa jirani. Alitafuna kilichokuwa kimebaki mdomoni, akameza.

"On prend acte, mama," akasema. Maana yake wamesikia, basi. Kisha akamwinamia Bwana Apollinaire akauliza kama nyama imebaki, maana safari ni ndefu.

Ilikuwa imebaki. Waliifunga kwenye majani ya migomba na mfuko wa plastiki juu. Magari yalishuka mlima kwa ving'ora, madereva wa pikipiki wakajibana kando, na yalipofika njia panda yalikata upande wa uwanja wa ndege, si wa Mbau. Katungu aliyatazama kutoka chini ya turubai mpaka ya mwisho. Kisha akasugua masufuria, kwa sababu yalikuwa machafu.

Mabati yalikuja, niseme kweli. Wasichana wakalala pakavu, na kwenye kila bati palipigwa chapa jina la Mheshimiwa.

Jumamosi iliyofuata wanawake walikuwa wakichagua maharage. Bwana Apollinaire alichungulia mlangoni, hakuingia, akasema Ekselansi amepiga simu, anaomba nyama ile ile kwa arusi ya binti yake, na chuo nacho kinaitaka kwa sherehe ya kutoa diplome. Mama Marie-Jeanne alimwambia afunge mlango. Yeye akadhani anakaribishwa, akaingia akaufunga. Mama Marie-Jeanne akamwambia tena, polepole, aufunge akiwa upande wa nje.

Katungu alifika akiwa amechelewa. Séphora aliinuka. Alikwenda dirishani, akalifunga, akakaza komeo. Akakichukua kile kiti akakiweka katikati ya chumba, akakaa chini karibu nacho. Katungu akakaa. Moshi ukajaa, ukashuka mpaka kwenye masinia, mpaka wasione maharage wanayoyachagua.

Walikohoa wote. Mama Marie-Jeanne alikuwa anatokwa na machozi, akasema ni moshi, na hakuna aliyembishia.

"Leo ni nini?" akauliza mtu kutoka ndani ya moshi.

Katungu hakunusa mkono. Hakukuwa na haja. Ilikuwa sufu ya blanketi, na mafuta ya kafuri ambayo mzee Kasika alijipaka miguuni kila jioni ingawa haikusikia kitu.

"Blanketi," alisema.

Kizuizi cha Mbau kilikuwa kimefungwa. Amri ilikuwa haijatoka. Wanawake waliendelea kuchagua maharage kwa vidole, wakitoa mawe.