Faili Lililoitwa Nyumbani

"Hiyo tarehe isikudanganye, wifi," alisema dada wa mumewe, mtunza kumbukumbu ofisini, akivuta kiti karibu. "Ni ya juzi, mlipohamishia mafaili kwenye kompyuta hii. Bonyeza hapa. Umeona? Siku lilipoandikwa iko ndani."

Fundi cherehani, mke wa Mwalimu, akabonyeza. Tangu asubuhi walikuwa wakipanga mafaili ya mumewe mwaka kwa mwaka. Mwalimu mwenyewe, tangu mwaka jana daktari alipougundua ugonjwa wa kusahau, hakujua tena hata pa kuiwashia kompyuta.

Wakafika kwenye faili lililoitwa "Nyumbani". Akalifungua.

*Mke wako ni fundi cherehani. Chai yake haina sukari. Nyumba ni ya tatu baada ya gereji, mlango wa kijani. Akikuuliza jambo ulilosahau, cheka, sema ulikuwa unamtania.*

Wakatazamana.

"Amejiandikia mwenyewe," wifi akasema polepole. "Lini?"

Mkewe akabonyeza. Machi, miaka minne iliyopita.

"Labda saa ya kompyuta ya zamani ilikuwa mbovu," wifi akasema. "Tazama faili jingine lililoandikwa siku hiyohiyo."

Ulikuwa mtihani wa darasa la sita, na juu yake tarehe aliyoichapa Mwalimu kwa mkono wake. Ileile. Saa haikuwa mbovu.

Fundi cherehani akahesabu miaka kurudi nyuma. Mwaka ule ndio Mwalimu alioomba kustaafu mapema, akidai chaki imemchosha kifua. Mwaka ule Mwalimu alimwacha mkewe stendi na mizigo yake mpaka jua likazama, naye mkewe akamnunia wiki nzima. Akamwambia, "Hunijali tena." Mwalimu alicheka tu.

"Miaka mitatu kabla ya daktari kujua," alisema fundi cherehani. "Miaka mitatu kalala ubavuni kwangu na jambo hili, nami namgombeza."



Mlango wa uani ukafunguliwa. Mwalimu akaingia, shati limekaa upande, kila kifungo kimeingia tundu la mwenzake.

"Mna wageni?" akauliza kwa adabu.

"Hapana, Baba. Ni sisi tu," mkewe akamjibu.

Akainuka, akamwendea. Akavifungua vifungo vyote, akaanza upya kutoka chini, kimoja kimoja, bila haraka. Alipofika shingoni, Mwalimu akainua kidevu kumpisha.